Chatu wa mwanangu amegoma kula, na watu wanasema anampima

Dokta, asalaam aleykum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Tanga, lakini miaka mingi sasa tunaishi Leicester, Uingereza. Nakuandikia habari ya nyoka. Najua wenzangu wanakuletea kuku na paka, usinicheke.

Kijana wangu mkubwa ana miaka 17. Mwaka juzi alimchukua chatu kwa familia moja iliyokuwa inahama, pamoja na tangi lake la kioo, taa na vikorombwezo vyote. Ni yule chatu mfupi mnene wa Afrika Magharibi, jike, ambaye akiogopa hujikunja akaficha kichwa katikati. Mimi nilikataa, baba yake akakubali, basi. Na kusema haki, hakuwa na taabu. Alikaa chumbani kwa kijana, akipewa panya aliyegandishwa kila baada ya wiki mbili hivi, anameza, analala.

Tangu Oktoba hajala, na sasa ni Februari. Kijana anamletea panya karibu kila siku, anamsogezea mpaka puani, nyoka anageuza kichwa. Siku moja alimrukia, akambana barabara, sote tumejazana pale tunatazama, mdogo mtu anarekodi kwa simu, kisha akamwachia akaenda zake. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Septemba, alimmeza mmoja kuanzia mkiani. Hatukuwahi kuona hivyo, na kijana anahisi ndiyo iliyomharibu tumbo.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Siku hizi anatoka pangoni mwake ananyooka kando ya kioo, tangi zima. Akitolewa akawekwa kwenye kochi, ananyooka ubavuni mwa mwanangu, toka begani mpaka karibu na goti. Nilipomsimulia mwenzangu wa kazini alijishika kinywa. Akasema kuna mwanamke alimpeleka chatu wake kwa daktari kwa jambo hilo hilo, akaambiwa: huyu haumwi, anafunga ili tumbo lipate nafasi, na kila usiku anakupima urefu. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea tangu Oktoba, yeye hataki hata hayo maelezo. Anasema yule si nyoka, na ikishapita magharibi haingii sebuleni bila kusoma.

Nasema sebuleni kwa sababu tangi tumelihamishia huko. Mama tumempa chumba cha kijana, na kijana analala na mdogo wake.

Mume wangu anataka tukamwachie msituni nje ya mji, yaishe. Kijana naye anataka kumfungua mdomo amshindilie, kaona kwenye video. Kampima kwenye mizani yangu ya jikoni: Septemba alikuwa gramu 1,450, juzi 1,390. Na tena hao panya wanakaa friza moja na samaki wangu, moyo haukubali. Mwanangu wa mwisho ana miaka mitatu. Nifanye nini?

Mama wa Tanga, Leicester

*

Waaleykum salaam, dada yangu. Mama mkwe nifikishie shikamoo yangu.

Tuanze na hilo la kupimwa, maana bila kuliondoa hutanisikiliza mengine. Hadithi hiyo imezunguka dunia nzima. Kila inapofika ni mwanamke wa mji mwingine, daktari hatajwi jina, na chatu ni yule yule, kafunga na kanyooka kitandani. Haikutokea. Chatu hapimi. Ni mnyama wa kuvizia: anakaa kimya penye njia ya panya, kitu chenye joto na harufu ya kuliwa kikipita anakirukia kwa nukta moja, akakibana. Kikimshinda anakiachia. Hana hesabu ya kesho.

Na habari ya kufunga ili tumbo lipanuke ni kinyume kabisa cha mambo yalivyo. Stephen Secor na Jared Diamond, huko California, walianza miaka ya 1990 kuchunguza mwili wa chatu wa Burma anapofunga na anapokula. Walichokuta ni kwamba chatu asipokula, utumbo wake husinyaa na kazi nyingi za ndani husimama, kama mgahawa wa Kiislamu mchana wa Ramadhani: jiko limezimwa na masufuria yamefunikwa. Akishameza ndipo kila kitu kinawashwa upya. Ndani ya siku mbili hivi utumbo huongezeka uzito karibu mara mbili, na utafiti wa baadaye ulionyesha hata moyo hukua kwa asilimia 40 hivi. Kwa hiyo chatu aliyefunga miezi minne hajajiandaa kwa karamu. Ndiye asiye tayari kabisa kupokea mlo mkubwa, na jambo hilo litatuhusu tukifika kwenye panya wake.

Sitakudanganya kwamba hakuna chatu aliyewahi kumeza mtu. Machi 2017, Sulawesi Magharibi, Indonesia, mkulima mmoja alikutwa ndani ya chatu, na Juni 2018 mwanamke mmoja wa kisiwa cha Muna, hapo hapo Indonesia. Wale ni chatu wa Asia wa aina nyingine kabisa, nao walikuwa wa mita saba hivi. Wako ana kilo moja na nusu. Windo lake linapaswa kuwa na unene wa kiwiliwili chake mwenyewe, au kuzidi kidogo tu. Bega la kijana wa miaka 17 halimo kwenye mpango.

Basi kwa nini ananyooka? Kwenye kochi jibu ni jepesi: mwili wa mwanao una joto, na nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Kumlalia ubavuni urefu mzima ndiyo njia ya kulipata lote. Kwenye tangi, kupita kandokando ya kioo na kutoka pangoni mara kwa mara ni dalili kwamba anatafuta kitu ambacho hapo alipo hakipati. Hapo ndipo penye shauri letu.

Soma tena barua yako. Oktoba mama kaja, Oktoba tangi limehama, Oktoba baridi ya Uingereza imeanza, na Oktoba chatu kaacha kula. Wewe umeniandikia majibu yote, ila umeyaweka kwenye aya tofauti.

Huyu chatu, ambaye wataalamu humwita Python regius, asili yake ni ukanda unaoanzia Senegal, ukipita Ghana, Togo na Benin, hadi kaskazini mwa Uganda. Ni mwoga kupita kiasi. Mchana hukaa ndani ya kichuguu au shimo la panya, gizani, mwili wake ukigusa kuta pande zote. Hutoka usiku. (Kuna mji wa Ouidah, Benin, wenye hekalu ambamo chatu wa aina hii wanatunzwa kwa heshima na wageni wanavishwa shingoni. Kwa usalama wako, hili usimsimulie mama mkwe.) Sasa mtoe mnyama wa namna hiyo kwenye chumba cha kijana kilichotulia, umweke sebuleni: televisheni, taa mpaka saa sita za usiku, mlango unaofunguliwa kila saa, mtoto wa miaka mitatu anagonga kioo. Kwake yeye hapo ni uwanja wa mpira.

Ongeza kwamba chatu hawa, hasa wakubwa, wana tabia ya kufunga miezi ya baridi hata mambo yote yakiwa sawa. Miezi minne kwao si ajabu, na wapo waliopitisha mwaka wakaja wakala wenyewe. Ndiyo maana nasema wa kuaminiwa hapa ni mizani. Toka 1,450 hadi 1,390 ni gramu 60, yaani asilimia nne. Kwa miezi minne bila kula, huyo anajua kutunza akiba kuliko sisi.

Sasa kazi. Tangi liondoke karibu na dirisha, televisheni na spika. Kama sebuleni hakuna kona ya namna hiyo, liende chumbani kwenu mpaka mama atakapoondoka. Najua utakavyoguna, lakini ndicho chumba chenye utulivu kilichobaki. Pande tatu za kioo zizibwe kwa boksi au kitambaa kizito kwa nje. Ndani yawepo mapango mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, yawe madogo ya kumbana. Watu wengi huweka pango kubwa wakidhani wanamfanyia wema. Anataka kubanwa.

Joto lipimwe, lisikisiwe. Vile vipimajoto vya duara vinavyobandikwa kioo husema uongo mtupu. Nunueni vya dijitali vyenye waya, viwili, kimoja kila upande. Upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33, wa baridi 25 hadi 27. Huko kwenu watu huzima hita za nyumba usiku kwa kuogopa bili, na kilichokuwa kinatosha chumbani kwa kijana huenda hakitoshi sebuleni karibu na dirisha la Februari. Chatu mwenye ubaridi hawezi kusaga chakula, kwa hiyo mwili wake unakikataa mapema, na hapo ana akili kutuzidi. Kila taa au mkeka wa joto uunganishwe na themostati, kile kifaa cha kuzuia joto lisizidi, la sivyo mtamuunguza. Unyevu uwe kati ya asilimia 55 na 70. Hita za majumbani hukausha sana hewa, na nyoka anayekaribia kujivua gamba katika hewa kavu hawi na hamu ya kitu chochote.

Mkishapanga hayo, muacheni. Wiki mbili asishikwe, asitolewe, asiletewe panya. Mwambie kijana hilo la kumletea kila siku ndilo linaloendeleza mgomo. Mnyama mwoga anayechokozwa puani kila jioni anajifunza kwamba panya maana yake ni usumbufu. Baada ya wiki mbili ajaribu usiku, mara moja tu. Akikataa, panya atupwe, na jaribio jingine liwe baada ya siku 10 hadi 14.

Namna ya kumpa nayo ina mambo yake. Pembeni mwa midomo ya chatu kuna vishimo vinavyohisi joto, na kwa vishimo hivyo ndivyo anavyoliona windo gizani. Panya aliyeyeyushwa akabaki baridi, kwake ni kama hayupo. Ayeyuke kwanza ndani ya mfuko kwenye jokofu, kisha mfuko utiwe kwenye maji ya moto mpaka awe na joto la nyuzi 38 hivi, kichwani zaidi kuliko mwilini. Maikrowevu hapana: inampika ndani, tumbo linapasuka, na utaniandikia barua nyingine. Ashikwe kwa koleo refu, apitishwe mbele ya pango taratibu, taa zimezimwa. Akimrukia, kijana amwachie papo hapo, afunike tangi kwa kitambaa, aondoke. Hakuna kuchungulia wala kurekodi.

Ile siku aliyombana akamwachia, nadhani umeshapata jibu. Alianza vizuri, akajikuta amezungukwa na familia nzima na mwanga wa simu. Nyoka akiwa anameza hana ulinzi, mdomo umejaa na hawezi kukimbia, hivyo akihisi anatazamwa huacha. Inawezekana pia panya alipoa mikononi mwake kabla hajamaliza kumkagua. Vyovyote iwavyo, kuruka na kubana kunaonyesha hamu ipo.

Kumeza kuanzia mkiani hakukumdhuru. Kwa kawaida huanza kichwani kwa sababu miguu na manyoya hulala vizuri, lakini panya akiwa mdogo kuliko kawaida, au nyoka akikosea kichwa, huanza popote. Akikwama mwenyewe hutema akaanza upya. Msimsaidie kamwe. Angekuwa ametapika siku chache baadaye ningekuambia mengine, na wewe hukusema ametapika.

Mlo wa kwanza baada ya mfungo huu uwe mdogo. Nimeshakueleza utumbo ulivyo. Panya wa gramu 60 au 70 anatosha, na baada ya kumeza asishikwe siku mbili nzima. Akila mara tatu mfululizo bila tatizo, mrudi kwenye kipimo chake cha zamani.

Na akiendelea kukataa ilhali joto na utulivu vipo, kuna ujanja wa wafugaji. Nigeria watafiti walikuta kwamba chatu hawa wakiwa wadogo hula ndege sana, na wakikua hugeukia wanyama wa manyoya. Basi panya akisuguliwa kifaranga aliyegandishwa, ile harufu wakati mwingine huamsha kitu. Ujanja wa pili utakufurahisha: wafugaji wa Ulaya na Marekani humpa chatu mgumu panya wa Kiafrika wa jamii ya Mastomys, kwa kuwa ana harufu ya nyumbani kwao. Ni jamii ile ile ya panya shamba wanaomaliza mahindi Morogoro, ambao Chuo Kikuu cha Sokoine kimewachunguza kwa miaka mingi. Mkulima wa Kilosa akisikia huko wananunuliwa kwa pauni atapanda ndege kesho.

Panya hai msijaribu. Akiachwa na nyoka asiye na njaa humtafuna mgongo, nimeona majeraha hayo. Na kwa sheria ya Uingereza ya ustawi wa wanyama ya 2006, mwanao ana wajibu kwa nyoka wake, na hata panya analindwa na sheria hiyo hiyo.

Kuhusu kumshindilia: mwambie kijana aifute hiyo video. Meno ya chatu yamepinda kuelekea ndani na taya zake ni laini. Mtu asiyejua atamvunja, au atampitishia chakula njia ya hewa, na akinusurika atakuwa na sababu mpya ya kuogopa panya. Kulisha kwa lazima ni kazi ya daktari, na kwa chatu mzima wa gramu 1,390 hakuna haja yake.

Na baba mwenye nyumba aliyetaka kumwachia msituni, nakuomba umsomee hapa: sheria ya wanyamapori ya huko ya 1981 inakataza kuachia mnyama asiye wa nchi ile. Ni kosa la jinai. Na chatu wa Togo kwenye Februari ya Leicester hatamaliza wiki.

Friza. Hapo niko upande wako moja kwa moja. Nyoka na panya wa kulishia huweza kubeba salmonela, yaani vijidudu vya kuharisha, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio inaowaumiza zaidi. Tafuteni friza dogo la mitumba kwa ajili ya panya peke yao. Mpaka lipatikane, wawe ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, droo ya chini kabisa, mbali na samaki. Ndoo ya kuyeyushia iwe yao tu, isioshewe kwenye sinki la jikoni, na bakuli la maji la nyoka vile vile. Mtoto wa miaka mitatu asimguse nyoka wala tangi kwa sasa, na kila anayemgusa anawe kwa sabuni. Kochi lifutwe, au bora zaidi nyoka asipande kochi.

Jambo moja hukuliuliza. Kijana ana miaka 17, na pengine karibuni ataondoka kwenda chuo. Chatu hawa akitunzwa mmoja wao hufika miaka 20 au 30, na kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, mmoja alitaga mayai mwaka 2020 akikadiriwa kuwa na miaka 62. Kaeni naye mzungumze nani atabaki na nani. Vinginevyo utamrithi wewe, na mama mkwe hatakuja tena kukutembelea, jambo ambalo sijui unaliombea au hapana.

Daktari anayejua reptilia mtafuteni sasa, kabla ya haja, maana si kila kliniki ya mbwa na paka inawajua. Mpelekeni mara moja mkisikia anakoroma au kupiga mluzi akipumua, mkiona mapovu au ute mzito mdomoni, kichwa kinapinda kutazama juu na hakirudi, anatapika alichokula, au kuna utitiri, vile vidoa vyeusi vinavyotembea machoni na kwenye bakuli la maji. Na apimwe kila wiki mbili, saa zile zile, iandikwe. Asilimia kumi ya uzito wake wa Septemba ni gramu 145, kwa hiyo akishuka chini ya 1,305 msisubiri wiki nyingine, hata kama anaonekana mzima.